Mkanda Umeungua

Siku hizi Tandale, Dar es Salaam, wanashuka vijana wenye kamera za mkanda, Yashica na Zenit, shingoni, wanatafuta uhalisia. Simu yenye kamera tatu imelala mfukoni, wao wanabana jicho moja kumlenga muuza mihogo wa Kwa Mtogole. Eti mkanda una roho.

Sawa. Ila wawaulize mama zao roho hiyo ilivyowatoa jasho sikukuu ya Idi. Unalipa kianzio, unasimama mbele ya pazia lililochorwa ghorofa na ndege, mkono juu ya simu ya mezani isiyo na waya, unaamriwa usicheke. Mkanda ni picha 36; mpaka ziishe, zikasafishwe, nguo ya Idi imeshapauka. Ndipo mpiga picha anakuja na uso wa msiba: "Dada'angu, mkanda umeungua." Na kianzio kimeungua humo humo.

Kodak yenyewe, watengeneza mikanda, ilikimbilia mahakamani kwa kufilisika mwaka 2012. Vijana hawa ndio kwanza wanaufufua mkanda. Picha ikitoka na ukungu, kichwa kimekatwa, wanaiita sanaa. Kumbe yule wa Idi alikuwa msanii mkubwa, nasi tulimnyima salio lake!