Kifagio cha Iya

Mimi nimezaliwa Dodoma, nikaachishwa ziwa kwa mlenda. Kwa hiyo siku nilipomwona mwenye nyumba wangu wa Ibadan, Nigeria, akichambua majani ya ewedu, nilicheka moyoni. Jani ni lile lile! Waluhya huliita murenda, Wayoruba ewedu, na utelezi hauna kabila. Hata kaun wanayotia ili majani yalainike ni magadi tu. Nikamwambia, "Iya, Jumapili wageni wakija, mboga niachie mimi."

Jumapili asubuhi akanipangia mezani kila kitu: majani, kaun kidogo, kamba wakavu waliosagwa, iru, yaani zile mbegu zilizochachushwa ambazo harufu yake hubisha hodi kabla ya mgeni, na kifagio kifupi cha vijiti. Kisha akaenda kanisani.

Nami, mtoto niliyefunzwa, nikaelewa fumbo: jiko lisafishwe kwanza. Nikainama nikafagia. Kifagio kilikuwa kifupi hata pua ikakaribia kusalimiana na sakafu. Nikawasikitikia: mji mkubwa namna hii, watu wanakosa fagio la maana! Nikafagia uvungu wa kabati, nikawatoa mende wawili waliokufa zamani, kisha nikakitundika kifagio nyuma ya mlango.

Iya akarudi. "Ijabe iko wapi?"

"Ndiyo nini hiyo, Iya?"

Akaonyesha kwa mkono: kitu cha kupondea ewedu humo humo sufuriani, juu chini, juu chini, mpaka majani yalegee na kuvuta. Nikageuka taratibu kuutazama mlango.

"Nimeshafagilia, Iya."

"Yee! E gba mi o!" Maana yake, niokoeni. Majirani watatu wakaja kuokoa kweli. Mmoja alileta ijabe yake, akaishikilia mwenyewe mpaka mwisho, hakuthubutu kuniachia. Fagio la chelewa nalijua tangu utoto, lakini siku hiyo nilichelewa kuelewa.

Aibu ikanizidishia mkono wa kaun. Povu likapanda, jiko likanuka kama siku ya kufua. Iya akamwaga bila neno, tukaanza upya na majani yaliyobaki.

Nikajitetea kwa amala, ule ugali wao, maana kusonga ugali sikufundishwa na mtu. Kumbe unga wa viazi vikuu una tabia zake. Ukikutana na maji ya moto unageuka rangi ya udongo wa mfinyanzi, na ukizembea kidogo unafanya madonge. Madonge hayo Wayoruba huyaita kókó. Yangu yalikuwa koko kweli, za embe dodo.

Wageni wakaketi. Utaratibu ni huu: gbegiri, supu ya manjano ya kunde zilizomenywa, inakutana na ewedu ya kijani, na mchuzi mwekundu wa pilipili unashuka juu yao. Zikiungana tatu hizo, ndiyo abula. Nikapiga goti mbele ya mzee aliyevaa agbada, joho pana jeupe lisilo hata doa. Nikachota ewedu kwa upawa. Nikainua upawa, uzi ukafuata. Nikainua zaidi, ukafuata. Kwetu dawa yake inajulikana: zungusha upawa, uzi ukatike. Nikazungusha. Uzi nao ukazunguka, ukaenda kutua kifuani kwa mzee.

Chumba kikanyamaza. Nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Mzee akautazama ule mstari wa kijani, kisha akanitazama mimi. "Inuka, mwanangu. Agbada hili nimekwenda nalo karamu zote, na leo ndiyo mara ya kwanza linapakuliwa."

Siku ya kuondoka, Iya alinifungia ijabe mpya kwenye gazeti. Niliilinda safari nzima kama yai. Nilipofika Dodoma nikaiweka mezani kwa mama, nikaenda kuoga ili nikitoka nimpe somo la ewedu.

Nilipotoka, mama alikuwa ameinama mafigani, anafagia majivu.

"Mwanangu," akasema bila kuinuka, "mji wote huo uliotoka, ukakosa fagio la maana?"