Ulitaka Prado, Ukapewa Probox: Hongera

Anayerudi Ukambani, Kitui au Makueni, kutoka Dallas, Doha au London huwa ameshalichagua gari lake kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Ni Prado nyeupe, vioo vyeusi, viti vya ngozi. Picha ameiona kwenye simu, arbuni ametuma, na binamu zake kule Mutomo wameshaambiwa. Kisha anatua Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta saa saba usiku, anapokewa na kijana mwenye karatasi iliyoandikwa jina lake, anavuka maegesho akivuta masanduku, na kijana anasimama kando ya Toyota Probox ya rangi ya fedha, mafuta robo tangi.

"Ile Prado ilipata shida kidogo, boss. Lakini hii itakufikisha."

Wengi hapo hupandisha sauti. Wangejua walichoepushwa, wangemwachia yule kijana bakshishi.

Tuanze na haki ya mteja, kwa sababu haki yenyewe ni finyu. Kampuni kubwa za kukodisha magari duniani hazimwekei mteja gari, humwekea daraja la gari. Zina hata msimbo wa herufi nne, uitwao ACRISS, unaotumika kuanzia London hadi Nairobi. Herufi ya kwanza ni ukubwa, ya pili ni umbo, ya tatu ni gia, ya nne ni mafuta na kipoza hewa. ECMR, kwa mfano, ni gari dogo la bei nafuu, la milango miwili au minne, gia za mkono, lenye hewa baridi. Aliyetamani Prado aliagiza herufi F katika nafasi ya pili, na chini ya picha palikuwa na maneno madogo yanayosema atapewa hilo "au linalofanana nalo". Probox ingeweza kuandikwa W, gari la familia lenye buti refu, au K, gari la mizigo. Inategemea ni Jumapili au ni siku ya soko. Kampuni ndogo ya Nairobi yenye magari sita haina haja ya herufi hizo, ila kanuni yake ni ileile: kama Prado haijarudi kutoka Mombasa, hakuna Prado.

Basi aliyepewa Probox na aijue nasaba yake, kwani si gari la kuokotwa. Toyota iliizindua Julai 2002, pamoja na pacha wake Succeed, ishike nafasi ya Corolla ya mizigo. Haikuundwa kwa ajili ya harusi. Iliundwa kwa ajili ya mafundi umeme na wachuuzi wa makampuni ya Japani, watu wanaoshinda barabarani na kula chakula cha mchana kwenye usukani, ndiyo maana katikati ya dashibodi pana kimeza cha kuvuta. Mjapani hukiwekea kompyuta au chakula chake. Dereva wa Kathonzweni hukiwekea sarafu za nauli, karanga, na simu mbili.

Hata ugumu wa kiti cha nyuma, ambao mgeni huulalamikia kabla hajafika Machakos, una asili ya heshima: ni wa kisheria. Nchini Japani gari dogo la mizigo huandikishwa kwa namba za daraja la 4, na sharti mojawapo ni kwamba sehemu ya mizigo iwe kubwa kuliko sehemu ya abiria. Wahandisi walifanya hesabu wakaona pa kupunguza ni mgongoni mwa abiria. Kiti kikasimama wima, kikawa chembamba, nafasi ya magoti ikapungua. Anayeumia kiuno kati ya Kwa Vonza na Kitui anaumia kwa mujibu wa sheria ya nchi iliyoendelea.

Sheria hizohizo ndizo zilizolitunza gari lenyewe. Gari la familia huko kwao hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2. La mizigo hupewa miaka 2, kisha hukaguliwa kila mwaka. Na kwa kuwa Kenya haipokei gari kuukuu lililozidi miaka 8, Probox hushuka bandarini Mombasa ikiwa imefundwa kazi na haijazeeka. Kazi ya kuizeesha wameachiwa watu wa Ukambani, na wanaifanya kwa bidii.

Kiwandani waliiandikia kilo 400 za mzigo wakipanda watu wawili, au kilo 250 wakipanda watano. Gunia la ndengu ni kilo 90, kwa hiyo magunia manne na kuku watatu yamo ndani ya makisio ya Toyota. Kwenye steji ya mji wa Wote makisio hayo huchukuliwa kuwa ni unyenyekevu wa Kijapani. Hesabu ya huko ni hii: wawili kushoto mbele, wanne nyuma, wanne ndani ya buti magoti yakigusa kidevu, dereva mwenyewe, na mmoja kulia kwa dereva, amebanwa mlangoni, kazi yake ikiwa ni kusogeza mguu kila breki inapokanyagwa. Hao ni 12, bila kuhesabu watoto wa kupakatwa, ambao hawahesabiwi, na mbuzi, ambaye analipiwa. Mlango wa nyuma haufungiki, unafungwa kwa kamba. Juu ya keria pamelala godoro, na juu ya godoro mitungi ya njano ya maji.

Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, za Februari 2004 zilimpa kila abiria wa Kenya kiti chake na mkanda wake. Serikali ilizifufua kwa kishindo Novemba 2018. Probox ilizisikia mara zote mbili, na kwenye barabara za ndani ikaendelea kupakia.

Hapa ndipo aliyekodi anapoanza kuonja baraka. Kama angefika na Prado, bei ya mbuzi ingepanda kabla hajafungua mlango. Kamati ya mazishi ingemsogeza kutoka orodha ya waombolezaji hadi orodha ya wafadhili, na mwalimu mkuu angekumbuka paa la darasa. Ndani ya Probox hakuna anayemwona. Au tuseme wanamwona vizuri sana, ila wanamwona kama dereva. Kila kituo mikono inainuliwa. Akisimama Kwa Vonza kuuliza njia, milango miwili ya nyuma inafunguliwa kabla hajamaliza swali, mama mmoja mtu mzima anajipakia kiti cha mbele kwa haki ya umri, na sauti kutoka nyuma inauliza, "Kufika Kabati ni ngapi?" Mtu aliyeishi miaka mingi ughaibuni bila kusalimiwa na jirani anapata ndugu watano kwa mpigo. Inafaa tu ajue kwamba bima ya gari la kukodi la kujiendesha haimhesabu abiria wa kulipa nauli. Awabebe bure, awaite shangazi na wajomba, na kwa Kitui huenda hata asiwe amesema uongo.

Anayetoka Marekani ana somo jingine. Kule usukani uko kushoto na kijiti cha taa za kupindia kiko kushoto vilevile. Katika magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, kijiti hicho kiko kulia, na cha kushoto ni cha vifutio vya kioo. Kwa hiyo, kila anapokata kona kuingia mjini Wote, Mmarekani wetu huwasha vifutio. Vinakwaruza kioo kikavu, huku na huku, chini ya anga ambayo haijadondosha tone tangu Mei. Wakulima walioketi kivulini, ambao mvua wanayoitegemea hasa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, hutazama kwa makini. Pengine ana habari ambazo wao hawajapata.

Kuhusu hewa baridi: herufi ya nne iliiahidi, na kifungo chake kipo. Probox nyingi zilizokwisha kuonja joto la Makindu la mwezi wa kumi zimebaki na kifungo tu. Zile za daraja la chini zina vioo vya kuzungusha kwa mkono, jambo linalofaa misuli na kuzuia mazungumzo marefu na maafisa wa vizuizini. Vumbi nalo huingia kwa usawa bila kubagua kiti cha mbele na cha nyuma, hata msafiri akishuka Zombe, koti lake la London lina rangi ya udongo wa hapo.

Ubora wake hasa unaonekana inapoharibika. Injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo ndani ya Probox nyingi, ndiyo iliyomo pia ndani ya Fielder nyingi, Sienta, Premio za injini ndogo na kadhalika. Nusu ya magari yaliyoegeshwa kwenye soko la Kitui yanaweza kuichangia kitu. Fundi wa kijijini hahitaji kompyuta kuisoma. Anaweka sikio, anaagiza mtu wa bodaboda alete spea, na chai haijapoa. Prado ikiwasha taa ya njano ya injini kule Ikutha, mwenyewe hupiga simu Nairobi, kisha hupiga tena, kisha huanza kuulizia nyumba za wageni. Na fundi aliyeizoea Probox hajui tu kuitengeneza, anajua kuirekebisha itoke katika makosa ya Wajapani: springi za nyuma ataziongezea nguvu, gari liinue makalio likiwa tupu kama panzi anayetaka kuruka, na likipakiwa wale 12 lirudi sawa.

Barabara nazo zimeipunguzia sifa kidogo, lazima tukiri. Lami ya Kibwezi hadi Mutomo na Kitui imeufanya mwendo uliokuwa wa adhabu kuwa wa saa chache, na leo hata gari la harusi linapita. Lakini ukiacha lami, unakutana na mito ya mchanga. Kwa miezi mingi Tiva ni barabara pana ya mchanga mweupe, na watu huchimba visima humo. Probox ya kawaida husukumwa na magurudumu mawili tu ya mbele. Ipo ya magurudumu manne, ila kwenye kampuni za kukodisha huioni. Ikizama kwenye mchanga, abiria hushuka na kusukuma, na hapo ndipo faida ya kubeba watu wengi hudhihirika.

Mto ukiwa umejaa, sifa zote zinakoma. Desemba 2021 basi lililobeba kwaya ya kanisa likienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hakuna gari la kukodi, la herufi yoyote, la kushindana na maji hayo. Husubiriwa yapungue, hata kama ni hadi kesho.

Turudi kwenye mambo mepesi, ambayo ni mizigo ya kurudi nayo. Makueni ni nchi ya maembe, kiasi cha serikali ya kaunti kufungua kiwanda cha kuyasindika Kalamba mwaka 2017, na mwisho wa mwaka hakuna mgeni anayeruhusiwa kuondoka mikono mitupu. Hupewa kreti za maembe, debe la ndengu, mfuko wa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, asali ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, na jogoo mwenye hasira. Mama mkwe akiona viti vya ngozi huona aibu, akapunguza. Akiona sakafu ya Probox, ile tambarare ya chuma iliyotandikwa zulia la plastiki, anamwita kijana amlete na mbuzi.

Bili ya mwisho nayo ni ya kusomwa mapema. Aghalabu msamaha wa ajali anaouziwa mteja kaunta hauhusu magurudumu, vioo wala tumbo la gari, yaani sehemu tatu ambazo mawe ya Kitui huanza nazo. Mikataba mingi humzuia mteja kuacha lami, na gari lina kifaa kinachoieleza ofisi liko wapi. Kwa Prado mkwaruzo mmoja ni mjadala wa wiki. Probox hukaguliwa na kijana yuleyule, anayezunguka mara moja, anapiga teke gurudumu, ananusa ndani, anauliza mbuzi alikuwa wa rangi gani.

Anayeitaka kwa Krismasi asichelewe, maana Desemba Ukambani yote hurudi nyumbani na Probox ndizo huisha kwanza. Aagize mapema, adai namba ya usajili iandikwe ndani ya mkataba badala ya neno "linalofanana", apige picha tumbo la gari kabla ya kuondoka, ahakikishe jeki na gurudumu la akiba vipo, na aulize kama kamba ya kufungia buti imo ndani ya bei au hulipiwa kando.