Jinsi ya Kuwa Mkongwe wa Corvair kwa Mchana Mmoja

Umealikwa kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani. Ni Jumamosi, Ohio au Minnesota, kwenye maegesho ya duka kubwa, na Chevrolet ndogo za miaka ya sitini, Corvair, zimepangwa mstari zikiwa zimefunguliwa nyuma. Wazee waliovaa kofia wameinamia injini wakinong'ona. Hujawahi kumiliki gari hilo, pengine hujawahi hata kulikalia, lakini unataka jioni ikukute umeshakuwa mmoja wao. Usione haya, mwenzangu. Kila binadamu anapenda kuonekana alikuwapo tangu mwanzo. Njia ya mkato ipo, na ninakupa.

1. Ingilia nyuma

Usiguse boneti ya mbele. Anayefungua mbele kutafuta injini amejimaliza kabla hajasalimia. Nenda nyuma moja kwa moja, inama, weka mikono kiunoni, tazama. Utakachokiona ni injini ya aluminiamu yenye silinda 6 zilizolala, 3 kila upande, imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Haina rejeta, haina maji. Inapozwa na hewa tu.

Kwa hili, sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna mtaji. Tumekulia kwenye hadithi za Volkswagen, na Volkswagen iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 nayo ilikuwa na injini ya nyuma inayopozwa na hewa. Ila usiropoke kwamba Corvair "ni Volkswagen ya Wamarekani". Watanuna. Taja jina la Ed Cole kwa heshima, kisha tulia. Cole ndiye mhandisi aliyekuwa mkuu wa Chevrolet gari hili lilipozinduliwa tarehe 2 Oktoba 1959, na mwezi huohuo sura yake ikatoka kwenye jalada la jarida la Time. Msimu uleule Ford walitoa Falcon na Chrysler wakatoa Valiant: magari ya Kimarekani ya kawaida yaliyopunguzwa urefu. Cole peke yake ndiye aliyethubutu kuanza upya. Sema hivyo kwa dhati, maana ni kweli, na hadi leo hakuna kampuni kubwa ya Detroit iliyorudia ujasiri ule.

2. Chagua kizazi, kisha usihame

Utaulizwa unapenda za mwanzo au za mwisho. Za mwanzo ni za 1960 hadi 1964, za mwisho ni za 1965 hadi 1969. Kuzitambua ni rahisi. Ya mwanzo ina mkunjo wa bati uliozunguka gari zima kiunoni. Ya mwisho ina ubavu uliojaa kama paja la farasi, na ukishusha vioo hukuti nguzo katikati ya dirisha la mbele na la nyuma.

Ukichagua za mwanzo, hoja yako ni kwamba Wajerumani wa NSU walizitazama kabla ya kuchora Prinz 4. Ukichagua za mwisho, huhitaji hoja. Simama ubavuni mwa kupe ya 1965, pitisha kiganja juu ya bati bila kuligusa, vuta pumzi. Mimi ni wa upande huu na sibishani na mtu. Ni miongoni mwa magari mazuri zaidi yaliyowahi kutoka Marekani.

3. Uliza kuhusu mkanda wa feni

Hapa ndipo wageni wanapotenganishwa na wenyeji, kwa hiyo sikiliza vizuri. Feni ya Corvair imelazwa juu ya injini, bapa. Puli ya injini inayoizungusha iko nyuma, imesimama wima. Basi mkanda mmoja unatoka chini, unapanda, unapinda juu ya puli mbili ndogo, unalala kuizunguka feni, halafu unarudi chini. Ukikatika au ukiruka, feni inasimama, na injini isiyo na maji haina cha kujiokolea. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa GEN-FAN. Ikiwaka, unasimama hapohapo. Huendi hadi kituo kinachofuata.

Swali lako ni moja: "Unabeba mkanda wa akiba?" Mwenye gari atafungua buti akuonyeshe mkanda, na pembeni yake spana ya 9/16, kwa sababu spana hiyo moja inatosha kuubadilisha barabarani. Ukiona mtu anaukaza mkanda wake hadi hauchezi, mguse bega umwambie, "Legeza kidogo." Mkanda uliokazwa mno unaua beringi, na kila mzee pale anajua hivyo. Umesema maneno mawili tu, na tayari kuna mtu anakuletea kiti.

4. Pima upepo wa tairi kwa macho

Ukiwa huna muda wa kujifunza kitu kingine chochote, jifunze namba hizi mbili: 15 na 26. Ndiyo ratili za upepo ambazo kiwanda kiliagiza kwa Corvair ya mwanzo, tairi zikiwa baridi. Mbele 15, nyuma 26. Chuchumaa mbele ya gari, tazama tairi, uliza kwa upole, "Umeweka 15?" Utakuwa umeuliza swali ambalo, lingeulizwa kwenye kila kituo cha mafuta Marekani mwaka 1960, pengine historia ya gari hili ingekuwa nyingine.

Elewa sababu, maana watakuhoji. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa gari iko nyuma. Kila nusu ya ekseli ya nyuma kwenye magari ya mwanzo ina kiungo kimoja tu, upande wa difu, kwa hiyo gurudumu hupanda na kushuka pamoja na ekseli yake na kubadilisha mlalo kila linapofanya hivyo. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, mgongo wa gari unaweza kunyanyuka na gurudumu la nje likajikunja kuelekea chini ya gari. Upepo mdogo mbele uliwekwa makusudi, ili tairi za mbele zianze kuteleza kabla ya zile za nyuma na dereva apate onyo mapema.

Sasa fikiria kijana wa kituo cha mafuta ambaye maisha yake yote amejaza tairi zote nne sawasawa. Anaijaza Corvair kama anavyojaza Chevrolet nyingine. Onyo limefutwa, na dereva hajui. Kiwanda kililiacha jambo zito kiasi hicho mikononi mwa mtu mwenye mpira wa upepo, huku chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, ambacho bei yake ilikuwa ndogo, hakikuwekwa mbele kama kifaa cha kawaida hadi magari ya 1964. Mwaka huo ndipo ilipoongezwa pia springi ya bapa nyuma, iliyolala kutoka gurudumu moja hadi jingine. Na mwaka 1965 mfumo wote wa nyuma ukabadilishwa, ukawa wa jamaa moja na ule wa Corvette.

Ukifika hapa unaruhusiwa kukasirika. Mimi hukasirika. Wahandisi walijua kuitengeneza vizuri, na waliokuwa wanahesabu senti wakawazuia. Sema hivyo waziwazi, hakuna atakayekupinga.

5. Ukisikia jina la Nader, usiruke

Litatajwa, hilo ni la hakika. Ralph Nader alichapisha kitabu chake, Unsafe at Any Speed, Novemba 1965, na sura ya kwanza ilikuwa ya Corvair. Mgeni hukimbilia kumtukana ili apendwe. Usifanye hivyo, ni ujanja mwepesi mno na wazee wameshauzoea.

Fanya hivi. Subiri watu watatu wamalize kulalamika. Halafu sema taratibu kwamba kitabu kilipotoka, magari mapya dukani yalikuwa tayari yamebadilishwa ekseli. Weka nukta. Kisha ongeza kwamba mwaka 1972 serikali ya Marekani yenyewe ilitoa ripoti baada ya kuijaribu Corvair ya 1963 pamoja na Falcon, Valiant, Volkswagen na Renault Dauphine, na haikuikuta na hatari kubwa ya kupoteza mwelekeo kuliko wenzake. Vichwa vitatikisika kwa kukubali.

Wakishalainika, sema na upande wa pili, kwa sababu unastahili kusemwa. General Motors waliajiri wapelelezi wamchimbue Nader, na Machi 1966 rais wao, James Roche, alilazimika kuomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Mwaka huohuo Marekani ikapata sheria ya usalama wa magari. Watu wengi sana wako hai kwa sababu yake, na mtu anaweza kuipenda Corvair kwa moyo wote huku akiishukuru sheria hiyo. Ukilisema hili bila kutetemeka, utaonekana umeishi na gari hili miaka mingi.

Likitajwa jina la Ernie Kovacs, mchekeshaji wa televisheni aliyefariki Januari 1962 akiwa ndani ya Corvair ya familia huko Los Angeles, nyamaza tu.

Na wakikuuliza nini hasa kiliiua Corvair, jibu: Mustang. Ford waliitoa Aprili 1964, na kufika 1966 mauzo ya Corvair yalikuwa chini ya nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Wengine watasema kitabu. Waache wabishane, wewe chukua soda.

6. Azima kumbukumbu

Saa za mchana hadithi huanza, na kila mtu ana yake. Nawe lazima uwe na moja. Usidai ulikuwa na gari, watakuuliza namba ya chesesi. Kumbukumbu salama ni ya kiti cha nyuma cha gari la mtu mwingine: la mwenye nyumba wako, la mwalimu, la baba wa rafiki. Abiria haulizwi kabureta zilikuwa ngapi.

Hadithi iwe na theluji. Uzito wa injini ukiwa juu ya magurudumu yanayosukuma, Corvair ilipanda vilima vyenye theluji huku magari makubwa yakizungusha tairi mahali pamoja, na hakuna mwenye Corvair wa zamani asiyelikumbuka hilo kwa fahari. Ongeza kwamba sakafu ilikuwa tambarare, hukukaa umekunja magoti juu ya nundu la shafti. Kisha maliza kwa harufu.

Harufu ndiyo cheti chako. Injini ina mirija 12 ya fimbo za valvu, na kila mrija una oringi mbili, jumla 24. Oringi za kiwandani zilikauka kwa joto, oili ikavuja juu ya vyuma vya moto. Kuanzia magari ya 1961, hita ya kawaida ilichukua hewa iliyopita kwenye silinda na kuileta ndani. Kwa hiyo majira ya baridi familia nzima ilisafiri ikinusa oili iliyoungua. Sema tu, "Nikifumba macho bado naisikia ile harufu ya hita." Nakuhakikishia kuna mzee atakayeshika mkono wako. Leo kuna oringi za vitoni zinazostahimili joto, na waliozifunga hawadondoshi kitu, lakini ukiwasikiliza utagundua harufu wanaikosa.

7. Mambo madogo ya kuangusha njiani

Kuhusu tabo, kuwa mwangalifu. Corvair Monza Spyder ya 1962 yenye farasi 150 ilikuwa moja ya magari mawili ya kwanza ya biashara Marekani kuwa na tabo, pamoja na Oldsmobile Jetfire. Ukisema ni la kwanza kabisa, yupo mtu wa Oldsmobile atakayekuja mbio kutoka mstari wa pili.

Injini inazunguka kinyume na injini nyingi za magari. Hiyo iangushe bila kuieleza. Iangushe pia kwamba Bernard Pietenpol, mtengenezaji wa ndege ndogo, aliifunga injini hii kwenye ndege zake na zikaruka.

Pikapu ya Corvair, Rampside, yenye ubavu unaofunguka na kushuka hadi chini ili pipa au pikipiki ipandishwe kwa kusukumwa, isifie hata kama haipo uwanjani. Ilistahili kuuzwa zaidi ya ilivyouzwa.

8. Ukipewa ufunguo

Ukifanya yote haya sawasawa, hatari ya mwisho itakufikia: mtu atakutupia ufunguo akuambie zunguka nalo kidogo. Watu wa Corvair ni wakarimu hivyo. Zilitengenezwa karibu milioni 1.8, zikakoma Mei 1969 kwenye kiwanda cha Willow Run, Michigan, na mwaka ule wa mwisho zilitoka 6,000 tu. Anayelo leo anataka lijulikane kabla yeye hajaondoka.

Pokea. Usukani utakuwa mwepesi kuliko ulivyotarajia, kwa kuwa mbele hakuna mzigo. Usiusifie kwa sauti, tabasamu tu. Kwenye kona punguza mwendo kabla ya kuingia, na ukishaingia usiachie mafuta ghafla. Tazama taa ya GEN-FAN kila baada ya muda kidogo, mwenye gari atakuona na atafurahi.

Kama ni ya gia za otomatiki za Powerglide, wenzo wake ni mdogo na uko kwenye dashibodi. Usipapase sakafuni wala kwenye usukani kuutafuta. Ukirudi, egesha taratibu, na usiitafute P kwenye wenzo huo, maana haipo. Vuta breki ya mkono, ndipo ushuke.