Viazi vya Mirihi Chini ya Kitanda

Beseni lilikuwa la mdogo wangu, jipya, karatasi ya dukani haijabanduliwa, limewekwa juu ya kabati kusubiri harusi yake. Lilipopotea tuliulizana nyumba nzima, na hakuna aliyemshuku kifungua mimba wangu.

Siku chache kabla tulikuwa tumetazama The Martian, ile filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2015. Matt Damon ni Mark Watney, mtaalamu wa mimea anayeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, wenzake wakiamini amekufa. Chakula hakitoshi, basi anachukua viazi vilivyoletwa kwa mlo wa sikukuu, anavikata na kuvipanda ndani ya makazi yao, udongo wa Mirihi ukitiwa mbolea ya kinyesi cha wanaanga. Mama mkwe, mzaliwa wa Njombe aliyelima viazi tangu utotoni, alikaa kimya mpaka chipukizi la kwanza lilipojitokeza. Akasema, "Huyu kijana anaijua kazi." Mjukuu wake alisikia.

Siku ya posa washenga walikuja na barua yao, wakaketi mkekani. Chai haijamiminwa, maji ya rangi ya kahawia yakachungulia chini ya mlango wa chumba cha watoto. Yalikuja polepole, yakaupitia mkeka, yakaigusa kanzu ya mshenga mkubwa. Yalinuka mavi mabichi ya kuku. Niliufungua ule mlango moyo ukinienda mbio. Dirisha limezibwa kwa nailoni. Chini ya kitanda, beseni la bibi harusi limejaa udongo mpaka limepata ufa, na vipande vya viazi vimekuwa uji unaotembea funza. Ukutani kuna karatasi, na kwa mwandiko wa mwanangu kila siku imeandikwa maji aliyotia, vikombe vingapi, asubuhi na jioni.

Mdogo wangu alilia. Mshenga mkubwa alikung'uta kanzu yake akasema, "Tulieni, nasi tumelea." Posa ilipokelewa.

Usiku baba watoto akatoa hukumu: televisheni basi, filamu zimemharibu mtoto. Mama mkwe akamkatiza. "Baba, mtoto hajaharibika. Kakosa mwalimu." Akamwita mjukuu, akamweleza kwamba kipande cha kiazi huachwa kikauke kidonda, wengine hukipaka majivu, samadi huozeshwa kwanza, mbichi inaunguza, maji yakizidi mbegu inaoza. Tena kiazi hupenda baridi, ndiyo sababu vyetu vinateremka kutoka Njombe na Mbeya, wala hakiwezi kuzaa vizuri kwa joto la Dar es Salaam.

Nami nikaenda kuileta riwaya yenyewe iliyozaa filamu hiyo, maana filamu ilikuwa imempitisha mtoto mbio mahali ambapo kitabu kinatembea. Andy Weir aliitoa kwanza sura baada ya sura, bure, kwenye tovuti yake. Mwaka 2011 akaiuza kwa bei isiyofika dola moja, na mwaka 2014 ikachapwa na kampuni kubwa. Kilimo cha viazi humo ni hesabu kurasa kwa kurasa. Sakafu ni mita za mraba 92. Kila mita moja ya ujazo ya udongo inataka lita 40 za maji, na maji hayo Watney anayatengeneza kutoka haidrazini, mafuta ya roketi, nusura ajilipue. Filamu inayapita haya kwa dakika chache.

Siwalaumu waliofupisha. Kitabu sehemu kubwa ni shajara, na mtu anayeandika peke yake hana la kuonyesha kwenye skrini. Drew Goddard, mwandishi wa skripti, akamfanya Watney azungumze na kamera za makazi, tukapata sauti ileile ya kitabu. Huo ni ufundi. Ninachowadai ni ile safari ya Watney ya kilomita 3,200 kwenda kreta ya Schiaparelli, njia yake ya kuokolewa. Kitabuni, dhoruba ya vumbi inapunguza mwanga wa jua bila Watney kuona kitu, naye anaigundua kwa kupima umeme tu. Hakuna mlipuko wala mbio, ni akili inayookoa uhai. Baadaye gari analosafiria linapinduka. Filamu imeviacha vyote viwili, kisha mwishoni ikamtobolesha Watney glavu ili hewa inayotoka imsukume kuwafikia wenzake. Kitabuni analipendekeza wazo hilo, kamanda wake analikataa.

Nilipofika kwenye dhoruba ile nikimsomea, mwanangu alinisimamisha nirudie, kisha akachukua kalamu. Baba watoto naye alikuwa bado hajaenda kulala. Aliuliza Watney alipimaje, na nikalazimika kurudia mara nyingine. Habari ya televisheni haikutajwa tena, na kesho yake alikwenda mwenyewe kununua beseni jingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: filamu ni nzuri, ila palipohitaji fikra imeweka sarakasi. Mzazi atakayependa kumsomea mtoto riwaya ajue kwamba ina matusi tangu mwanzo kabisa. Lipo toleo la shule la mwaka 2016 lililoondolewa matusi hayo, hesabu zote zikabaki. Litafuteni hilo.