Namna ya kuwapeleka wanafunzi Ngazidja, na ndoo zao

Kwanza kabisa, mwalimu, wanyime mlima. Wataulilia tangu mshuke kwenye ndege pale Hahaya, maana Karthala, mlima wa kisiwa hiki cha Komoro, ni volkano hai yenye mita 2,361, na kila kijana anataka picha akiwa ukingoni mwa kasoko. Waambie watafika. Kisha mpe kila mmoja ndoo ya lita kumi: ndiyo yake ya leo, ya kuoga, kufua na kutawadha.

Watashangaa, hasa kama mvua inawanyeshea wakati huohuo. Waache washangae, halafu watembeze wautafute mto. Wasirudi mpaka wakubali kwamba haupo. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu lava yake bado changa, imejaa nyufa na matundu. Mvua ikitua tu inazama, inateremka hadi inapokutana na maji ya bahari. Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali ni vikongwe zaidi, miamba yao imekwisha kulika ikawa udongo unaoshika maji, ndiyo maana huko mito ipo. Watu wa Ngazidja wameishi kwa kukinga maji ya paa na kuyahifadhi kwenye mabirika ya saruji.

Sasa wapeleke kwenye birika la nyumba yoyote mtakayokaribishwa, muinamie humo kwa adabu. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mwezi Aprili na tena Novemba; majivu yakaanguka juu ya mapaa na ndani ya mabirika, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki na maji yasiyonyweka. Mwanafunzi anayejua volkano kwa picha za moto tu hajaijua. Moto nao upo: mwaka 1977 lava iliufikia mji wa Singani ikaunguza nyumba. Lakini majivu yalifika mbali zaidi ya lava.

Mkipewa kikombe cha maji, semeni “marahaba”. Hapa ndiyo asante. Na mwanafunzi wa Dar es Salaam atakayeambiwa “marahaba” na mzee aliyemsaidia mzigo asianze kujiuliza ni saa ngapi alimpa shikamoo.

Mkiwa hapohapo, ulizeni nyumba ni ya nani. Mtajibiwa ni ya mwanamke. Ngazidja bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe, na iko ardhi ya ukoo, manyahuli, inayopita kwa mama kwenda kwa binti. Kwa hiyo paa linalovuna mvua ni la mwanamke. Wanafunzi wakihudhuria anda, ile ndoa kuu ambayo mwanamume huiwekea akiba kwa miaka mingi ndipo ahesabiwe miongoni mwa wakubwa wa mji, wasihesabu dhahabu ya bibi harusi peke yake, wahesabu na lile paa.

Kiwanda cha kukeneka mafuta ya mlangilangi mkipitie pia. Wanuse kwa raha zao, kisha wahesabu kuni zinazochomwa kuyakeneka.

Siku ya tatu, jumba la makumbusho la Moroni, kwa ajili ya gombesa (coelacanth). Wavuvi wa visiwa hivi walikuwa wakimjua samaki huyu kabla wanasayansi hawajampata wa Nzwani mwaka 1952. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke na wenzake walimwona akiwa hai kwenye kilindi cha Ngazidja, na baadaye ikajulikana kwamba mchana hujificha kwenye mapango ya lava. Hapo nyamaza, mwalimu. Subiri mtoto mmoja aseme mwenyewe kwamba matundu yaleyale yanayowanyima watu mto ndiyo yanayompa gombesa nyumba. Ikibidi subiri mpaka jioni, mimi ningesubiri.

Sasa mlima. Mchukue mwenyeji wa kuwaongoza, mlale njiani usiku mmoja, na kila mtu abebe maji yake yote, kwa sababu juu hakuna pa kuteka. Usiku zimeni tochi na mtege sikio: msituni yumo bundi mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Anayetaka kumsikia afunge mdomo.

Mkishuka, jumlisheni ndoo zote mlizotumia kwa wenyeji wenu. Wakati wa kiangazi, mabirika yakikauka, watu hununua maji ya lori. Agizeni lori, mlipe nyinyi, na wanafunzi washike mpira wa maji mpaka birika lijae.