Wanaume wa Saa Mbili Usiku

Mama mzazi alitoka Pangani kuja kwetu Tabata kutibiwa macho, akapewa chumba kinachopakana na chetu. Ukuta wa katikati haukufika darini. Neno likisemwa huku, kule linasikika lote.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, na mwaka huo wa 2024 alikuwa anasomea shahada kwa njia ya intaneti. Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku, watoto wakishakula, aliingia chumbani, akafunga mlango kuzuia kelele za runinga, akaiegemeza simu kwenye kopo la maziwa na kuingia darasani. Saa hizo mimi huwa bandarini, zamu yangu inaisha saa nne.

Basi mama akawa anasikia mambo. Mtoto wake hayupo, mlango wa mkwewe umefungwa, na ndani sauti nzito ya kiume inasema, “Hapo umenifurahisha sana, endelea.” Inaingia nyingine, ya kijana: “Dada, jana ulinisaidia mno, leo zamu yangu.” Mara kicheko. Mwishoni, wanaume kwa mpokezano: “Usiku mwema, mpaka Alhamisi.”

Mama hakuniambia kitu. Alianza kutandika mkeka wake ukumbini, mbele ya mlango wetu, akivuta tasbihi mpaka nirudi. Chai ya mke wangu akawa haimalizi. Mke wangu akadhani ni maumivu ya macho, akazidi kumnyenyekea, na kadiri alivyonyenyekea ndivyo mama alivyozidi kununa.

Hapa nieleze hao wanaume wa chumbani walikuwa wanafanya nini, maana wengi wanadhani kusoma kwa mtandao ni kupakua vitabu na kusubiri mtihani. Mke wangu aliwahi kuanza kozi ya namna hiyo katika chuo kingine. Somo liliwekwa, swali likawekwa, akaandika barua pepe kuuliza jambo asilolielewa. Kimya. Akaandika tena. Wenzake hakuwajua hata kwa majina. Akaiacha, na kwa muda mrefu aliamini kwamba yeye ndiye hana kichwa cha chuo kikuu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mwanafunzi aliyelipa ada kwa kujinyima, akauliza swali la maana na asijibiwe, amefukuzwa chuo bila kupewa barua.

Kozi hii mpya ilikwenda kwa utaratibu mwingine. Jumatatu mwalimu aliweka swali kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, kila mmoja akaandika jibu lake hadi Jumatano, na kabla ya Ijumaa kwisha ilikuwa lazima usome majibu ya wenzako wawili na kuwaandikia unachokubali, unachopinga na kwa nini. Hayo nayo yalipewa alama. Aliyeandika “kazi nzuri” tu hakupata kitu. Maswali ya haraka yalikwenda kwenye kundi la WhatsApp. Ya faragha, kama kuuguliwa, yalikwenda kwa mwalimu kwa barua pepe yenye jina, namba ya usajili na kichwa cha habari kinachoeleweka. Na zile jioni mbili walikutana kwa sauti na picha, kila mmoja na bando lake. Yupo mwenzao wa Kigoma, kijana mwenye sauti ya chini, ndiye kiongozi wa kundi. Yupo wa Mtwara. Yupo dada anayefanya kazi Muscat, ambako saa mbili yetu ni saa tatu yao. Hawajawahi kupeana mkono, lakini mtoto wa yule wa Mtwara alipolazwa, mke wangu ndiye aliyemfupishia masomo mawili kwa ujumbe wa sauti, usiku, taa zimezimwa. Huo ujumbe nao mama aliusikia kupitia juu ya ukuta. “Usijali, niko na wewe,” na maneno mengine ya namna hiyo.

Alhamisi moja mwanzoni mwa Mei nilikuwa na mapumziko. Narudi kutoka dukani kununua umeme, namkuta baba mdogo sebuleni. Ametoka Kibaha, kavaa kanzu na kofia. Mama amewapeleka watoto kwa jirani. Nikajua hiki ni kikao.

Ilikuwa saa mbili kasoro. Mke wangu aliomba radhi: usiku ule ni zamu yake kuwasilisha mada mbele ya darasa. Baba mdogo akamwambia aketi, jambo lenyewe linamhusu yeye. Mke hawezi kumkatalia mzee wa ukweni. Aliketi, simu ameilaza mezani kifudifudi, darasa limeshafunguliwa na maikrofoni iko wazi.

Mama alianza kwa sala, akaendelea kwa machozi. “Shemeji, nimekuita kwa sababu ya aibu. Mwanangu akienda kazini, chumbani kwake wanazungumza wanaume. Si mmoja. Na wanaagana naye kwa zamu.”

Nilimgeukia mke wangu. Midomo ilikuwa inamtetemeka, neno halitoki.

Mezani ikatoka sauti nzito: “Mama, shikamoo.”

Baba mdogo alisimama. Mama akashika kifua.

“Nisamehe kuingilia kikao cha wazee, mama. Tunawasikia. Mimi ni mwalimu wa mkweo. Hao unaowasikia ni wanafunzi wenzake, na wote wapo hapa.”

Mke wangu aliigeuza simu. Vilijaa vidirisha vidogo vya nyuso. Kijana wa Kigoma akamwamkia mama, akafuata wa Mtwara, akafuata dada wa Muscat na ushungi wake, wote wakataja walipo na wanachosoma. Mama aliisogeza simu karibu na jicho lake zima na kuitikia “marahaba” kwa kila mmoja. Mwalimu akamweleza kwamba mkwewe ni miongoni mwa wanaojibu wenzao kwa uangalifu zaidi, na kwamba wapo ambao bila yeye wangeshaacha kozi.

Mama akanyamaza, kisha akauliza, “Mnasikiliza pamoja, halafu mnajadili?”

“Ndiyo, mama.”

“Kama Mtu ni Afya.”

Wengi darasani hawakuijua. Ndipo mama akawasimulia kampeni hiyo ya afya ya mwaka 1973, redio moja chini ya mwembe, wanakijiji wameizunguka, kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anauliza na watu wanabishana mpaka wanakubaliana kuchimba vyoo. “Ila redio yetu haikuwa inajibu,” alisema. Mke wangu, sauti ikiwa imemrudia, akamwambia kwamba hata Martin Dougiamas, aliyeibuni Moodle na kuitoa mwaka 2002, alikulia jangwani Australia Magharibi akisomeshwa kwa redio ya mawimbi mafupi. Mama akaona hilo lina mantiki kabisa: aliyesoma mbali na wenzake ndiye anayejua cha kutengeneza.

Mada iliwasilishwa palepale sebuleni, baba mdogo akiwa bado na kofia yake. Baba mdogo alipokwenda kulala, mama aliomba radhi kwa mkwewe jikoni. Waliyosemezana huko ni yao.

Jumapili iliyofuata, Mei 12, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote. Kazi ya kukusanya ilikuwa Jumanne. Moodle haifunguki, WhatsApp inazunguka tu. Nilimwona mke wangu akianza kuwa yule wa kozi ya kwanza, anaitazama simu na kuiweka chini.

Jioni iliingia meseji ya kawaida, SMS, kutoka Kigoma: “Mwalimu ameongeza siku. Nitawapigia mmoja mmoja niwasomee maswali.” Na kweli alipiga. Mama ndiye aliyeishika simu kwa mikono miwili, sauti juu kabisa, mke wangu akiandika daftarini, na kila swali mama alimtaka kijana alirudie, “taratibu, baba, anaandika.” Lilipofika la nne, kijana akasema hilo lenyewe halielewi, je, dada analionaje? Mke wangu akaweka kalamu chini, akaanza kumweleza. Walibishana mpaka salio la Kigoma likaisha, mama akanituma dukani nikanunue vocha tumpigie sisi.