Mama wa Ndani ya Hotipoti

Hotipoti yenyewe ilikuwa ya bluu, ina maua ya waridi ubavuni, na mke wangu alizawadiwa kwenye kicheni pati yake mwaka 2011. Tangu siku hiyo haijawahi kuona wali. Ilikaa juu ya kabati pamoja na glasi sita ambazo nazo hazijawahi kuona maji, zote zikimngoja mgeni ambaye nadhani bado hajazaliwa. Kwa hiyo jioni niliyoiteremsha na kuigonga kwa kidole, ikaitika *du*, nilijiuliza: chombo kisichotumika si sawa na chombo kisicho na mwenyewe? Nikajijibu mwenyewe kuwa ndiyo. Mtu asijijibu mwenyewe maswali ya vyombo vya mke.

Nilikuwa nimeamua kutengeneza spika ya Bluetooth. Kariakoo zimejaa, hilo nalijua. Hata kijana aliyeniuzia vifaa alinishangaa. "Mzee, unataka kuunda nini?" Nikamwambia. Akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake. "Si hizi hapa? Elfu ishirini na tano, na redio imo." Nikatabasamu kama mtu aliyesoma Fizikia, maana nilisoma kweli hadi kidato cha nne, na cheti changu kina C ya kuonekana kwa macho. Nikanunua bodi ndogo ya Bluetooth, amplifaya ya wati tatu-tatu isiyozidi kidole gumba, bodi ya kuchajia na spika mbili za omu 4. Betri sikununua. Nilibomoa betri ya laptopu iliyokufa, maana ndani yake mlikuwa na seli kadhaa zinazofanana na betri za tochi zilizonenepa, na mara nyingi zinazokuwa zimekufa ni moja au mbili tu, nyingine zinasingiziwa.

Kwa nini hotipoti? Spika tupu mkononi haina kitu. Karatasi yake ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na yale mawimbi mawili yakikutana pembeni yanamalizana. Besi yote inapotelea hapo. Lazima uitie kwenye chombo ili ya nyuma isikutane na ya mbele. Marehemu babu kule Korogwe hakusoma hata mstari mmoja wa Fizikia, lakini redio yake aliisimamisha kwenye mdomo wa mtungi, na taarifa ya habari ikatoka na sauti ya mtu aliyeshiba. Mimi mtungi sina. Nina hotipoti yenye kuta mbili na sponji katikati, kitu kisichotetemeka hata ukikipiga ngumi. Ukiitazama vizuri, ni kama aliyeiunda alikuwa anafikiria spika, wali akaja kuuzungumzia baadaye.

Nilitoboa matundu mawili kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Harufu yake ilikaa ndani siku tatu. Mke wangu alikuwa Morogoro kwenye msiba.

Kulehemu ndiko kulikonitoa jasho. Ukikitazama kichomeo cha watu kwenye video, risasi inayeyuka na kutulia juu ya waya kama samli juu ya ugali. Yangu ilijikunja kidonge, ikabiringika, ikanidondokea kwenye paja. Nilivyoruka, nikavuta waya wa umeme, kichomeo kikaanguka juu ya zulia, na leo pale kwenye zulia pana alama ambayo wageni huidhania ni ua la tatu.

Hata hivyo, saa nne usiku kila waya ulikuwa mahali pake. Amplifaya ina matundu manne ya kutolea sauti: chanya na hasi ya kushoto, chanya na hasi ya kulia. Nikaona ubadhirifu wa waya. Hasi ni hasi, kwenye gari zote si zinafungwa kwenye bodi? Nikazifunga hasi zote mbili pamoja. Nikawasha. Spika zikasema *tk*, na kile kidude cheusi katikati ya amplifaya kikapata moto kiasi cha kuniachia alama kwenye kidole.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi redio wa mtaani, yule mwenye meza chini ya mwembe. Hakuwasha mashine wala kushika mita. Aliinusa bodi. "Ulifunga hasi pamoja, mkubwa," akasema.

Kumbe amplifaya za aina ile hasi yake si hasi. Kila spika inashikwa huku na huku: waya huu ukisukuma, ule unavuta, wote wawili wako kazini. Kuzifunga pamoja ni kuwafunga kamba moja punda wawili ambao kila mmoja anakwenda kwao. Nikamuuliza kama inatengenezeka. Akanirudishia bodi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayetoa pole.

Nikanunua nyingine. Hii ikaimba. Nilikaa sakafuni nikaisikiliza nyimbo mbili nzima huku nimeishika kama mtoto mchanga, na nikuambie kweli, besi yake ilinifanya nimkumbuke babu. Usiku tukalala.

Saa nane mke wangu, ambaye alikuwa amesharudi na kwa siku mbili hakuwa ameinua macho juu ya kabati, aliniamsha. "Kuna mbu ndani ya neti." Nikasikiliza. Alikuwepo, tena mwembamba, *nziiii*, sauti ya mbu mwenye njaa ya siku nyingi. Tukawasha taa. Tukakung'uta mashuka. Nikapiga makofi kila pembe ya neti. Nikapulizia dawa hadi sisi wenyewe tukakohoa. Mbu akaendelea, hapandi wala hashuki, na sisi tukajifunika gubigubi. Alfajiri nilipoinama kutafuta kandambili, nikasikia mbu yumo chini ya kitanda, ndani ya hotipoti niliyoificha hapo. Nilikuwa nimesahau kuizima.

Fundi wa mwembeni alicheka hadi akaweka chini miwani. Bodi ya Bluetooth na amplifaya zikinywa kwenye waya mmoja wa betri, kelele za moja zinapita kwenye waya huo na kuingia kwa mwenzake, naye kazi yake ni kukuza kila anacholetewa. Dawa yake ni kidude cha kuzitenganisha, kinachopokea volti 5 upande huu na kutoa volti 5 upande wa pili bila nyaya kugusana. Na kwa kuwa seli yangu inatoa 3.7, nikahitaji na kingine cha kupandisha. Kwa hiyo nilitoa fedha taslimu kununua kitu kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5. Kamweleze mkeo hilo.

Nilimweleza, maana siku hiyohiyo hotipoti iligundulika. Ya mazungumzo yale sitayaandika. Itoshe kwamba kuanzia hapo tuliishi watatu, kwa sababu ndani ya bodi ile kuna mama anayeongea Kiingereza chenye lafudhi ya Kichina. Ukiwasha anatangaza yuko tayari kuunganishwa. Ukiunganisha anashangilia. Sauti yake haipungui hata uteremshe simu hadi sifuri, na betri ikikaribia kuisha anapiga kelele kila dakika. "Mgeni wako anaomba chakula," mke wangu husema bila kugeuka.

Tatizo ni kwamba mama yule hana ubaguzi. Jina la Bluetooth limetoka kwa Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake, na ile alama kwenye simu ni herufi mbili za kale za jina lake zilizokumbatiana. Mfalme yule hakuwahi kupanga Mwananyamala kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Bodi za bei yangu haziulizi namba ya siri. Mwenye simu yoyote akiikuta haina mtu, ni yake. Wiki ya kwanza nilisikiliza mahubiri ya chumba cha pili, singeli ya chumba cha tano, na somo zima la hesabu za darasa la sita.

Jumapili iliyofuata kikundi cha vikoba cha mke wangu kilikutana uani. Wakaniomba muziki, nikaweka taarabu. Wakapenda. Mke wangu mwenyewe aliisogeza hotipoti katikati ya mkeka, nami nikaona sasa nimesamehewa. Sukari ikaisha. Nikaenda dukani, simu mfukoni.

Bluetooth ya namna hii inashika kama mita kumi. Duka liko mita themanini.

Niliyoyakosa nimesimuliwa na watu wanne tofauti, na hawatofautiani. Taarabu ilikatika. Mama wa Kichina akatangaza kuwa yuko wazi. Simu ya mama mwenye nyumba, ambayo mjukuu wake aliwahi kuiunganisha ili aangalie katuni, ikadaka. Naye mama mwenye nyumba, amekaa barazani kwake, miwani puani, ndiyo kwanza amebonyeza ujumbe wa sauti wa dada yake wa Tanga. Ukatokea katikati ya mkeka, kwa besi ya hotipoti:

"...na huyo mpangaji wako anayetoboa mahotipoti ya mkewe, ile kodi ya miezi sita ameshatoa, au bado anakuzungusha?"

Nilipoingia na kilo mbili za sukari, ua mzima ulikuwa kimya na wanawake kumi na mbili wananitazama. Mke wangu alikuwa anatazama mkeka. Mama mwenye nyumba akavua miwani, akaifuta kwenye ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "hicho chombo chako kinatoa maneno vizuri sana."